Maswali ya Wasomaji: Goti, Chokaa na Barua ya Ireland

Toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu Peamount United, klabu ya wanawake iliyo pembezoni mwa jiji la Dublin, inayocheza ligi ya taifa ya Ireland. Tulitegemea barua mbili tatu. Zimekuja nyingi, karibu zote kutoka Kigoma na Tabora, na wengi hawana haja sana na Dublin: wanauliza mambo ya uwanja wao, magoti ya wachezaji wao, na mawakala waliowagongea mlango. Tunajibu zile zinazowagusa wengi.

Mmeisifu sana hiyo ligi ya Ireland. Ilianza lini, na ina kitu gani ambacho Ligi Kuu yetu ya Wanawake haina? Msituelezee kama wageni wa mpira, Kigoma tumeshawahi kuwa na timu Ligi Kuu. — Mpenzi wa soka, Mwanga, Kigoma

Ndugu yetu, tumekusikia. Ukongwe hawatuzidi sana. Ligi yao ilianza Novemba 2011 kwa timu sita tu, na Peamount ndio waliobeba ubingwa wa kwanza. Ya kwetu ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa. Kwa timu za taifa hata usiinamishe kichwa: Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, wakati wanawake wa Ireland hawakuwahi kufika fainali kubwa yoyote mpaka Kombe la Dunia la 2023. Na Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, baada ya kuwafunga Ufaransa 2-1.

Tofauti iko kwenye mfumo. Kwanza, Ireland hakuna kushuka daraja. Timu inaingia kwa leseni: inakaguliwa uwanja, fedha, makocha na timu za vijana, ikifaulu inaingia. Faida yake ni kwamba klabu ikishika mkia haifi, inajipanga upya. Hasara yake ni kwamba kuanzia Agosti kuna mechi ambazo hazina maana kwa timu yoyote kati ya zinazocheza. Sisi hapa tunaona kushuka daraja kuna utamu wake, ila wazo la kukagua klabu kabla ya msimu, siyo baada ya timu kushindwa kusafiri, lingefaa kuibwa hata kesho.

Pili, mwaka 2018 walianzisha ligi ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, na baadaye ya chini ya miaka 19. Msichana wa miaka 15 ana mechi za ushindani za ratiba, hategemei bonanza.

Ila usidhani kila kitu huko kinasimama. Raheny United walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2012/13 na 2013/14. Mwaka 2015 timu ikamezwa na Shelbourne, jina likatoweka kwenye ligi. Bingwa naye anaweza kutoweka.

Mwangaluka. Binti yangu ana miaka 16, anacheza winga ya kushoto. Amekuja kijana na barua yenye nembo ya klabu ya Ireland, anasema mtoto ameonekana kwenye video na anaitwa majaribio. Anataka milioni 1.8 za "fomu na viza", na pasipoti ya mtoto anataka abaki nayo yeye. Baba yake ameshaanza kuulizia bei ya ng'ombe. Nifanyeje? — Mama mzazi, Ipuli, Tabora

Mwangaluka mama. Ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Anza na umri, maana hapo ndipo habari nyingi za namna hii zinapoishia. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna vighairi vichache, vikiwemo hivi: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, uhamisho wa ndani ya Umoja wa Ulaya kwa wenye miaka 16 hadi 18, na wale wa mipakani, ambao wanaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani na klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wa pili. Hicho cha mwisho kinaweza kumhusu binti wa Manyovu anayetaka kuchezea klabu ya Burundi huku akiendelea kulala kwao, tena kwa ridhaa ya vyama vya nchi zote mbili. Winga wa Ipuli kwenda Ireland hakimgusi. Kwa hiyo hata kama barua ingekuwa ya kweli, klabu hiyo isingeweza kumsajili kwa sasa.

Nembo siyo ushahidi. Inapakuliwa na kubandikwa ndani ya dakika mbili. Angalia anwani ya barua pepe: klabu ya ligi huandika kwa anwani yenye jina la tovuti yake, haiandiki kwa anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaifungua. Usijibu kwa anwani iliyo kwenye barua. Ingia kwenye tovuti ya klabu yenyewe, chukua anwani iliyopo pale, uliza kwa mistari miwili kama wamemwita mchezaji fulani. Mtu wa klabu atajibu ndiyo au hapana bila kuomba senti.

Kijana mwenyewe naye apimwe. Wakala wa mpira lazima awe na leseni ya FIFA inayopatikana kwa mtihani, na orodha ya wenye leseni inasomwa bure kwenye tovuti ya FIFA kwa kuandika jina. Asipokuwemo, basi si wakala. Akiwemo, bado hawezi kumfuata mtoto pembeni: anahitaji ridhaa yako ya maandishi wewe mzazi, na haruhusiwi hata kuanza mazungumzo mpaka ibaki miezi sita mchezaji afikie umri wa kusaini mkataba wa kulipwa kwa sheria za nchi.

Pasipoti haikai kwa mtu. Mnunulie mfuko wa nailoni, iwekwe ndani ya sanduku lako. Pasipoti ikishatoka mkononi, kila ombi jipya la hela linakuja na kitisho cha kutoirudisha, na hapo ndipo wazazi wanapolipa mara ya pili na ya tatu.

Akifika 18 na ofa ikawa ya kweli, mambo yana mpangilio wake. Ofa ya klabu inatangulia, kisha mkataba. Baada ya hapo chama cha soka cha Ireland kinaiomba TFF, shirikisho letu la soka, hati ya uhamisho wa kimataifa, ile inayoitwa ITC, kupitia mfumo wa FIFA wa mtandaoni. Hati hiyo hutolewa bure. Kanuni inasema hivyo wazi, kwa hiyo anayekutoza "hela ya ITC" anakuibia. Halafu kinafuata kibali cha ajira, ambacho kinatoka Ireland kwa msingi wa ofa hiyo. Viza ni ya mwisho. Na kumbuka Ireland haimo kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: mtu akikuambia viza ya Ufaransa itamfikisha Dublin, ujue hajui anachouza. Ada ya viza inalipwa kwa utaratibu rasmi wa maombi, siyo kwenye namba ya simu ya mtu.

La mwisho, mama. Ligi ile ilikuwa ya ridhaa kwa zaidi ya miaka kumi. Mikataba ya kulipwa ilianza kuingia msimu wa 2023. Wachezaji wengi bado wanasoma au wana kazi nyingine mchana. Anayeahidi mshahara wa kujenga nyumba Ipuli kwa msimu mmoja ameota.

Klabu yetu ndogo ikimlea mchezaji, akauzwa nje, sisi tunaambulia nini? — Katibu wa timu, Urambo

Kuna fungu mbili duniani, katibu, na moja haiwahusu. Fidia ya mafunzo, ile inayolipwa klabu zilizomlea mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza, kanuni za FIFA zimeiondoa kwenye soka la wanawake. Msiipigie hesabu.

Fungu la mshikamano linawahusu. Mchezaji akiuzwa kwa ada kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomsajili tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka ule wa 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada; kila mwaka kuanzia 16 una asilimia 0.5. Mkiwa mlimsajili kuanzia miaka 12 mpaka 17, mna miaka minne ya robo na miwili ya nusu, jumla asilimia 2. Ada ikiwa shilingi milioni 100, zenu ni milioni 2. Akiondoka bure, kama wengi wa wanawake wanavyoondoka, asilimia 2 ya sifuri ni sifuri.

Neno zito hapo ni "mlimsajili". Kumlea bila kumwingiza kwenye mfumo wa TFF ni sawa na kutomlea. Jina liandikwe lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Timu nyingi zinapoteza haki kwa sababu mtoto alisajiliwa kwa jina la utani shuleni, na kwa jina la ukoo alipokwenda mjini: kwenye mfumo hao ni watu wawili.

Msimu huu wachezaji wangu watatu wameumia goti, wote bila kuguswa na mtu. Mmoja tulisikia "ko!" tukiwa nje ya uwanja. Wazee wanasema ni uzito wa viatu. Tatizo ni nini? — Mwalimu wa michezo, Kasulu

Mwalimu, pole. Hiyo "ko!" ndiyo inayotutia hofu. Ndani ya goti kuna kano ya mbele inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Wachezaji wanaiita ACL. Inakatika zaidi mchezaji anapokata kona, anaposimama ghafla au anapotua baada ya kuruka, na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Wanawake inawakuta mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Viatu vinachangia kidogo: njumu zenye meno marefu kwenye ardhi kavu ngumu hung'ang'ania chini wakati mwili unageuka. Kiangazi tumia zenye meno mafupi mengi. Lakini mzizi uko kwenye namna ya kutua.

Fanya hivi kesho. Mwite mchezaji mmoja, simama mbele yake hatua nne, mwambie aruke juu awezavyo atue kwa miguu miwili. Usitazame uso, tazama magoti. Yakiingia ndani yakakaribia kugusana, hapo ndipo ajali ilipo. Nyonga, goti na kidole cha pili cha mguu vinatakiwa kukaa mstari mmoja. Sikiliza pia: anayetua vizuri hana kishindo, maana magoti na nyonga vinakunja na kumeza uzito. Anayetua "pu!" ametua na miguu iliyonyooka, na kano ndiyo imebeba kila kitu.

Dawa yake ipo na haina gharama: programu ya kupasha misuli ya FIFA iitwayo 11+. Ilipimwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi, na yale makubwa karibu nusu. Ina mazoezi 15, dakika 20, na inachukua nafasi ya kupasha misuli mlikozoea, haiongezwi juu yake.

Panga jozi sita za koni, mita 5 hadi 6 kati ya jozi na jozi. Chupa za maji zenye mchanga zinatosha. Dakika 8 za kwanza ni mbio za polepole kati ya koni: kukimbia moja kwa moja, kufungua nyonga nje, kuifunga ndani, kumzunguka mwenzako, kugongana mabega hewani, kwenda mbele haraka na kurudi nyuma. Kila moja mara mbili.

Dakika 10 zinazofuata ndizo zenye kazi, na ndizo walimu wanazozifupisha. Kulala kifudifudi juu ya viwiko mwili ukiwa ubao, sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Ubavuni vivyo hivyo, kila upande. Halafu lile la misuli ya nyuma ya paja: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye anaanguka mbele taratibu huku akijizuia, mgongo umenyooka. Wanaoanza wafanye mara 3 hadi 5 tu. Ukiwapa 15 siku ya kwanza, kesho yake hawakai kwenye dawati, na keshokutwa hawaji mazoezini. Kisha kusimama mguu mmoja sekunde 30 mara mbili kila mguu, kuchuchumaa sekunde 30 mara mbili, na kuruka juu na kutua sekunde 30 mara mbili, wewe ukitazama magoti.

Dakika 2 za mwisho ni mbio: kukata uwanja kama mita 40 kwa robo tatu ya kasi, kuruka hatua ndefu goti likipanda, na kukimbia hatua nne tano kisha kukanyaga na kugeuka. Ifanywe angalau mara mbili kwa wiki. Siku ya mechi fanya mbio za mwanzo na za mwisho, acha za katikati. Timu ikifanya wiki tatu ikaacha, haijafanya kitu.

Kwa aliyeumia: goti likilia, likavimba ndani ya saa chache, kisha akasema "linaniachia" anapotembea, mchukulie kuwa kano imekatika mpaka daktari aseme vingine. Atoke, asijaribiwe kukimbia. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu uinuliwe. Siku tatu za kwanza asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa. Tunajua bibi yupo na mafuta yapo, lakini joto na kuchua vinaongeza uvimbe. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa walioko Kigoma, Kitete kwa walioko Tabora. Akifanyiwa upasuaji, hesabu miezi 9 kwa uchache kabla ya mechi. Kumrudisha mwezi wa tano baada ya upasuaji kwa sababu kuna fainali ni kumpeleka kukata na la pili.

Jezi tulizofadhiliwa zina kaptula nyeupe. Wenzangu wakiwa kwenye siku zao wanasingizia malaria wasicheze. Tunaona aibu kumwambia mfadhili. — Nahodha, Kaliua

Mwambie, nahodha, na usione aibu. Timu ya raga ya wanawake ya Ireland iliacha kaptula nyeupe mwaka 2023 kwa sababu hiyo hiyo ikavaa za rangi ya bluu iliyokoza. Wakati mnasubiri, nunueni rangi ya nguo nyeusi sokoni, lakini soma lebo kwanza: pamba inakunywa rangi ya kawaida, poliesta haishiki na itabaki kijivu chenye mabaka. Kaptula nyingi za jezi ni poliesta. Hapo ni nafuu kununua nyeusi za bei rahisi zinazofanana kuliko kuharibu za mfadhili.

Tunachora uwanja wa shule kwa macho, kila timu ngeni inalalamika. Tuna kamba, futi ya fundi ya mita 5 na mifuko ya chokaa. Eneo ni hatua 120 kwa 80. Tupeni vipimo. — Mwalimu, Nguruka

Tumieni mita 100 kwa 64. Sheria inaruhusu urefu wa 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90, lakini 100 kwa 64 inakubalika hata kwa mechi za kimataifa, na kama hatua yenu ni karibu mita moja, mtabakiwa na nafasi pembeni ya mchezaji kusimama bila kugonga mti.

Futi ya mita 5 msiitumie kupimia mita 100. Kila mkiinyanyua mnakosea sentimita moja mbili, na mnainyanyua mara 20. Ombeni ya mita 50 kwa fundi wa barabara au mpima viwanja. Ikikosekana, pimeni kamba moja ya mita 20 kwa uangalifu, ifungeni mafundo, mtumie hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Kamba ya katani ikilowa umande hubadilika urefu, kwa hiyo subirini jua lipande.

Pigeni kigingi kona ya kwanza. Vuteni mstari wa goli. Ili kona iwe sawasawa, pimeni mita 6 kwenye mstari wa goli, mita 8 kwenye mstari wa pembeni, kisha umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 10 kamili. Ukizidi au kupungua, sogezeni mstari wa pembeni mpaka ukae. Fanyeni hivyo kona zote nne, halafu pimeni kutoka kona hadi kona kwa kukatisha uwanja: mita 118.7 pande zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, uwanja umelala, rudini kwenye vigingi kabla ya kumwaga chokaa hata chembe.

Goli ni mita 7.32 kati ya nguzo, kutoka ndani hadi ndani, na 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mtambaapanya. Pimeni katikati ya goli, siyo kwenye nguzo tu: miti hupinda kwa jua, na makipa huchimba shimo pale wanaposimama. Tumekuta magoli ya 2.44 kwenye nguzo na 2.60 katikati, kipa analaumiwa bure. Jazeni shimo, shindilieni.

Eneo la kumi na nane linaanzia mita 16.5 kutoka ndani ya kila nguzo na kuingia uwanjani 16.5, upana wake wote unakuwa 40.32. Boksi dogo ni 5.5 kwa 5.5, upana 18.32. Penalti ni mita 11. Duara la kati na ule upinde wa nje ya boksi vyote ni kamba ya mita 9.15, upinde ukichorwa kutoka alama ya penalti. Kona ni robo duara ya mita 1. Mistari isizidi sentimita 12, na ni sehemu ya eneo linalozungukwa, kwa hiyo pimeni hadi ukingo wa nje.

Mistari yote ya uwanja huo ni takriban mita 690. Kujua mtahitaji chokaa kiasi gani, choreni mita 10, pimeni kilichotumika, zidisheni mara 69.

Sasa chokaa yenyewe. Ile isiyozimwa inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Jaribuni kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji: maji yakichemka au kupata moto, hiyo si ya uwanjani. Hata iliyozimwa msiwape watoto waimwage kwa mikono mitupu. Tafuteni glavu, simameni upande unakotoka upepo. Ikiingia jichoni, mwagieni maji mengi dakika 20 mfululizo kisha hospitali. Oili chafu ya magari, ambayo bado tunaiona viwanja vingine, achaneni nayo kabisa: inaua nyasi na inachoma mapaja ya beki anayeteleza.

Shikamooni. Nina miaka 14. Kwenye makala mlisema mchezaji wa Peamount alifunga bao likaingia kwenye tuzo na kina James Rodríguez. Alifanyaje, na mimi naweza kujifunza? — Namba 9, Ujiji

Marahaba, mwanetu. Ni Stephanie Roche, tarehe 20 Oktoba 2013, dhidi ya Wexford Youths, mbele ya watazamaji wasiofika mia. Krosi ilitoka kulia, naye akiwa nje ya boksi, mgongo kwa goli. Mguso wa kwanza aliutuliza mpira ukabaki hewani. Wa pili akaupiga kanzu beki, ukapita juu ya kichwa chake mwenyewe na cha beki. Akageuka, na kabla haujagusa chini akapiga. Kwenye tuzo ya Puskás ya mwaka 2014, ile ya FIFA ya bao bora la mwaka, akawa wa pili nyuma ya Rodríguez wa Colombia, mbele ya Robin van Persie wa Uholanzi.

Unaweza, ila kwa vipande. Wiki ya kwanza jirushie mpira juu ya kichwa, utulize kwa mguu ubaki kimo cha goti. Wengi wanashindwa hapo kwa sababu wanakaza kifundo. Kilegeze, mguu ushuke pamoja na mpira kama unapokea yai. Ukifaulu mara 7 kati ya 10, ongeza kanzu: ncha ya kiatu ichote chini ya mpira, goti lipande, usiupige. Kipande cha mwisho ni kugeuka. Geuka kwa hatua ndogo tatu, siyo moja kubwa, na shuti upige mpira ukiwa unashuka kimo cha goti, kifua juu ya mpira. Ukiegemea nyuma utaufuata ziwani.

Na mwambie mwalimu wako jambo hili: dunia ililiona bao lile kwa sababu mtu wa klabu alikuwa anarekodi. Simu ikae usawa wa mstari wa kati, juu ya meza au ukuta wa mita 3 hivi, imelala upande, haivuti karibu wala mbali. Mechi nzima kwa ubora wa 1080 hula takriban GB 6 hadi 12, kwa hiyo futeni nafasi kabla, wekeni simu kwenye hali ya ndege ili isikatwe na wapigaji, na leteni betri ya akiba.

Kwa nini wao wanacheza Machi hadi Novemba wakati Ulaya nyingine inaanza Agosti? Na sisi tufuate ipi? — Kiungo mstaafu, Tabora Mjini

Miaka yao ya kwanza walicheza majira ya baridi kama wengine. Viwanja vilijaa maji, mechi zikaahirishwa, na usiku wa Desemba huko unaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwaka 2016 wakacheza msimu mfupi wa kuvukia, kuanzia 2017 wakahamia kiangazi chao. Mwezi Juni Dublin jua linazama karibu saa nne usiku, hivyo mtu anatoka kazini na bado ana mwanga wa mechi.

Kwetu mvua ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ligi ya wilaya ipangeni Mei hadi Oktoba, Septemba na Oktoba mkimwagia uwanja maji asubuhi kwa ajili ya vumbi. Mwanga tunao kuliko Pwani: Kigoma jua la Juni linazama karibu saa moja kamili, dakika 40 hivi baada ya Dar es Salaam, na Tabora kama robo saa kabla ya Kigoma. Mazoezi ya saa kumi na moja, mabinti wakishatoka shule na kuchota maji, yanatimia dakika 90 bila taa.